Bibi Hayumo Kwenye Habari

Nyie vijana mnaokuja barazani kwangu hapa Same na mitihani ya zamani mkononi, swali lenu huwa ni moja: "Babu, jibu sahihi unalijuaje?" Nawaambia silijui, mnanuna. Ni kweli silijui. Miaka yote niliyofundisha ufahamu, kazi yangu ilikuwa kulijua kila jibu baya: limetoka wapi, limekosea nini, na kwa nini mtoto mwenye akili zake timamu amelipenda. Jibu sahihi ni lile linalobaki ukishawatimua wenzake. Halina maajabu, na mara nyingi halina hata sura ya kuvutia.

Siku hizi mnasiliba kwa penseli, karatasi inaingizwa kwenye mashine. Mashine inajua umekosa, basi, haiulizi zaidi. Sisi tulikuwa tunauliza, na hiyo ndiyo ilikuwa sehemu tamu ya kazi. Unakaa na chai ya rangi na lundo la karatasi, baada ya muda unaanza kuwasikia watoto wakifikiri. Nimecheka sana kwenye lundo lile. Mara moja tu nilijua kwa nini watoto wamekosa, nikatamani ningekuwa mashine.

Mimi si Mpare, mnajua. Baba yangu alikuja kutoka Kigoma kukata mkonge, nikazaliwa kambini kule tambarare, na Uhuru ulinikuta bado navaa kaptula yenye viraka. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule ya kijiji kipya cha ujamaa, chini ya milima, njia ya Bendera. Wanakijiji karibu wote walikuwa wametoka juu. Waliambiwa washuke wakae pamoja karibu na barabara, shule na zahanati, wakashuka. Asubuhi, kabla ukungu haujafunika, uliweza kuziona nyumba zao za zamani kule mlimani, zimekaa kimya na milango wazi. Milango wazi si kwa maana ya kufunguliwa, bali kwa maana kwamba walishuka na milango yenyewe vichwani, maana mbao ni mali.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Yonazi, mtu mrefu, mwembamba, mzee wa kanisa, mwenye koti moja ambalo jua la Bendera halikuwahi kumvua. Naye alishuka na wenzake. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, maana chuoni tulifundishwa kutunga maswali, hatukufundishwa kutunga majibu mabaya. Vipotoshi, ndivyo tunavyoyaita. "Jibu baya halikosi kwa bahati mbaya," alikuwa akiniambia. "Lina tabia yake, kama mbuzi mwizi. Ukishaijua tabia yake, hata likija na rangi nyingine utalitambua."

Aliyapa majina. Chukua habari fupi: wanakijiji waliitwa kwa baragumu kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wazibue mfereji wa ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Wakachimba mpaka mvua kubwa iliponyesha, wakarudi nyumbani. Swali: kwa nini walirudi? Mmoja atakujibu kwamba mvua ilibomoa mfereji wote. Huyo ni Mwongeza Chumvi, habari imesema kidogo yeye kasema kingi. Mwingine atasema walikuwa wamechoka. Huyo ni Mgeni. Inawezekana kabisa walichoka, nani hachoki, lakini habari haikusema, amekuja nalo jibu lake kutoka nyumbani. Wa tatu atasema waliitwa kwa baragumu. Huyo ni Nusu Njia: asemalo limo kwenye habari, ila ni jibu la swali jingine. Halafu yupo Mwazima Nguo, ambaye amevaa maneno ya habari yote, mfereji, ndiva, mvua, ukimvua nguo hizo ndani hamna kitu.

"Na kumbuka," Mwalimu Yonazi alimalizia, "mtoto hajibu vibaya. Anajibu vizuri swali jingine. Kazi yako ni kulitafuta hilo swali."

Tulikuwa na kijana mmoja, mtoto wa katibu wa kijiji, aliyegundua kwamba walimu wavivu huandika jibu sahihi refu kuliko mengine. Akawa hasomi habari, anapima majibu kwa jicho kama fundi, anachagua refu, anafaulu. Mwalimu Yonazi akaniambia nifupishe majibu yote sahihi kwenye jaribio lililofuata. Kijana alipata sifuri safi, akaja ofisini amevimba. "Mwalimu," akasema, "mngetutangazia kwanza kwamba mmebadilisha utaratibu." Mpaka leo nikimkumbuka nacheka. Sasa hivi ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi, anapima mbao.

Jambo jingine la shule ile lilinichukua muda kuliona. Kila siku inayofuata gulio, mtoto mmoja wa darasa la saba hakuja shule. Hakuwa yule yule, walipokezana. Nikiuliza yuko wapi, wenzake wananijibu, "Yuko zamu, Mwalimu." Nikadhani ni zamu ya maji. Kwa watu wa ndiva kila kitu kina zamu, nikaona kuuliza zaidi ni kujitia uchokozi.

Darasa hilo la saba lilikuwa na binti anaitwa Eliwaza. Nafasi za sekondari zilikuwa za kugombania, na shule yetu ilikuwa haijapeleka msichana hata mmoja. Kwa Eliwaza tulikuwa na matumaini. Alisoma habari kama mtu anayechambua mchele, hakuharakisha, na hakuna kipotoshi kilichompata. Mama yake, mjane, alikuwa ameshaanza kumwambia kila mtu sokoni. Mtihani wa mwisho ulipokaribia nikatunga jaribio la ufahamu, nikaandika habari mwenyewe kuhusu mambo wanayoyajua. Hii hapa, naikumbuka neno kwa neno:

"Familia ya Mzee Mbonea ilihamia kijiji kipya. Walibeba vyungu, majembe, kuku na mlango wa nyumba yao. Mbwa wao alitangulia. Walipofika mtoni baba aligeuka akaitazama nyumba, kisha akavuka na familia yake yote. Jioni ile hapakuonekana moshi kwenye nyumba ya zamani."

Swali la mwisho lilikuwa: Nani alibaki katika nyumba ya zamani? A, mbwa. B, baba. C, bibi. D, hakuna aliyebaki.

Mbwa nilimweka kwa ajili ya wanaosoma mbio. Baba kwa ajili ya wanaoishia pale alipogeuka. Bibi nilimweka kwa sababu nilihitaji mtu wa kujazia na kengele ilikuwa imeshalia. Bibi hayumo kwenye habari, mwanzo wala mwisho. Ni kipotoshi hafifu, Mgeni asiye na hata mzigo mkononi, na nilitegemea Mwalimu Yonazi akifute. Aliisoma stensili yangu polepole, akafika mwisho, akakaa.

"Lazima uulize hili?" akaniambia.

"Ni swali jepesi, Mwalimu. Litawapa moyo."

Akanirudishia stensili, akaenda kusimama dirishani.

Siku ya kusahihisha nilikaa darasani alasiri, watoto wameshaondoka, upepo unapeperusha karatasi kila nikiinua mkono. Karatasi ya kwanza, C. Nikacheka, huyu naye! Ya pili, C. Ya tatu, C. Yule mpima majibu, C. Nikaacha kusoma maswali mengine, nikawa nafunua mwisho tu. Bibi, bibi, bibi. Nikaitafuta karatasi ya Eliwaza kama mtu anayetafuta mlango. Alikuwa amezungushia C, tena kwa mkono uliotulia, bila kufuta popote. Nikajikuta nageuka kutazama nyuma yangu, na nyuma yangu palikuwa na madawati tu.

Kesho yake nikafanya masahihisho ubaoni, kama kawaida. Nikasoma habari kwa sauti, nikawauliza bibi yuko mstari gani. Nikaandika kwa herufi kubwa, "D. HAKUNA ALIYEBAKI," nikapiga mstari chini yake, nikageuka niwaambie wasome wote kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa akitazama ubao. Wote walikuwa wametazama madirisha ya upande wa mlima, na msichana mmoja mdogo wa mbele alikuwa ameziba masikio. Nikasoma mimi mwenyewe peke yangu, kwa sauti ya kutosha. Wakati ule niliona ni utovu wa nidhamu, nikawapa kazi ya kufyeka.

Karatasi za majaribio zilikuwa zinapelekwa Same, na haikupita muda mkaguzi akaja na Landrova, mtu wa Kanda ya Ziwa, mnyoofu, mwenye sauti ya chini. Akaziweka karatasi mezani.

"Ndugu Mwalimu, hawa wamenakilishana."

Hapo ndipo mafunzo ya Mwalimu Yonazi yaliponisaidia. Nikamwomba asome maswali mengine. Anayeiba majibu huiba na makosa yake. Kama darasa lilinakiliana, basi makosa yao yangefanana kila mahali. Nikamwonyesha: kwenye swali la tatu huyu kaongeza chumvi, yule kaishia nusu njia, huyu mwingine kachagua jibu refu kama kawaida yake. Kila mtoto amekosa kwa tabia yake mwenyewe. Ni kwenye swali moja tu walipokosa kama mtu mmoja, na hakuna mwizi anayevunja ghala akaondoka na punje moja.

Mkaguzi alinisikiliza, akakubali kwa kichwa. Kisha akaingia darasani akamsimamisha Eliwaza.

"Binti, nani alibaki?"

"Bibi, Ndugu Mkaguzi."

"Bibi yuko mstari wa ngapi?"

"Hayumo kwenye mistari."

"Sasa?"

Eliwaza akamjibu kwa adabu kabisa, mikono nyuma. "Waliomo kwenye mistari ni wale walioondoka. Yeye hayumo kwa sababu alibaki."

Mkaguzi alianza kucheka, akaishia katikati. Alipotoka nje alijifuta shingo kwa leso ingawa palikuwa na ubaridi. "Mimi nimekuelewa," akaniambia. "Lakini mtihani wenyewe unasahihishwa mbali, na watu wasiokujua. Darasa zima likifanana namna hii, hawatakuja kukuuliza tabia za makosa. Watazuia matokeo ya wote, na huyo binti wenu akiwemo. Mwondoe huyo bibi vichwani mwao."

Nilimkuta Mwalimu Yonazi ofisini akichonga penseli kwa wembe. Nikamwambia aliyosema mkaguzi, nikamwuliza bibi ni nani. Aliendelea kuchonga mpaka penseli ikawa fupi isiyofaa.

"Ni bibi yake Eliwaza, na wa ukoo wetu wote," akasema. "Nambike. Alikufa msimu mmoja kabla hatujashuka. Sala ya maziko nilisoma mimi."

Nikapumua. "Basi kama alikufa, hakubaki."

"Soma swali lako, Mwalimu. Hukuuliza nani yu hai. Uliuliza nani alibaki."

Akaniambia yote, macho yake kwenye wembe. Yule mama alikuwa amesema, kabla ya kufa, kwamba yeye hashuki kwenye joto. Siku ya kuhama, wale watu wa serikali waliokuja na lori walisimama uani kwake, kwa kuwa ndiyo ilikuwa nyumba ya mwisho, wakauliza watu wazima mmoja mmoja: kuna aliyebaki? Na kila mtu mzima, akiwa amesimama mbele ya ule mlango, akajibu hakuna.

"Tungesema nini?" akaniuliza. "Tuseme yupo mmoja, ila tulimzika? Wangetucheka. Tukasema hakuna. Na katika ukoo wetu, ukisema mtu hayupo na mlango wake unakusikia, umemkana. Aliyekukana hakupelekei chakula. Ndiyo desturi, haina rufaa. Ila watoto hawakuulizwa. Kwa hiyo wanapanda watoto."

"Zamu," nikasema.

"Zamu. Zamani ilikuwa pombe ya mbege na maziwa. Siku hizi ni makande, kile wanachopata."

"Na wewe hujapanda tena?"

"Nilipanda mara moja, na kibuyu cha maziwa."

"Ikawaje?"

"Nikarudi."

Sikupenda jinsi alivyolisema. Nikajitia ujasiri wa kazi, nikamwambia sisi ni watu wa kuchambua, tuchambue. Bakuli linakwenda limejaa, linarudi tupu. Nani anakula? Nyani? Akasema bakuli huachwa likakutwa juma lifuatalo limeoshwa na kufunikwa, na nyani haoshi vyombo. Watoto wenyewe njiani? Wangekuwa wanakula, wasingerudi wanalia njaa kwa mama zao. Mpita njia? Njia ile haina mpita njia tangu walipohama, imemezwa na magugu.

"Umewatimua wote," Mwalimu Yonazi akasema, akaweka wembe mezani. "Haya, mwanafunzi wangu. Nani kabaki?"

Nilikuwa kijana wa "Siasa ni Kilimo" na kisomo cha watu wazima, nilikuwa nimeshapiga vita ushirikina kwenye mikutano mitatu ya hadhara. Lakini nywele za mikono zilinisimama, na sitawaficha.

Nikamwita Eliwaza nje, kwenye ngazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Eliwaza, lile swali. Jibu lilikuwa nini?"

"D, Mwalimu."

"Unalijua?"

"Wote tunalijua."

"Basi kwa nini?"

Akakuna ngazi kwa kidole cha mguu. "Nikizungushia D, ni mkono wangu umesema hakuna. Nitapandaje tena? Bibi atakula nini?" Na machozi yakamtoka, hakuyafuta.

Nimewaambia mtoto anajibu vizuri swali jingine. Nilikuwa nimelipata hilo swali, na sikuwa na hasira nalo hata kidogo. Niliona huruma. Lakini ilikuwa lazima afaulu. Nikakaa kwenye ngazi pembeni yake, tukafikiri, na tulichokipata pale ndicho kitu pekee nilichowahi kukiongeza kwenye kazi hii. Nikamwambia: kila swali la ufahamu, liwe limeandikwa au halikuandikwa, utangulize maneno haya moyoni, "Kwa mujibu wa habari hii." Halafu ujibu.

"Kwa mujibu wa habari hii," akasema polepole, "hakuna aliyebaki."

"Nani anasema hakuna?"

"Habari."

"Wewe umesema nini?"

Akafikiri kama anavyofikiri siku zote, bila haraka. "Mimi sijaulizwa," akasema, na hapo akatabasamu.

Nikalirudia jaribio lile lile na maneno hayo juu ya kila swali. Wote wakaandika D. Hakuna aliyetazama mlima. Kwa hiyo mnaponiona nawagombeza mkiruka maneno hayo kwenye karatasi zenu, mkisema ni mapambo, mjue kuna watoto waliyategemea kama kamba. Habari ya mtu ni nyumba ya mtu. Ukiingia, sema na waliomo, ya kwako yaache nje yakusubiri. Utayakuta.

Sasa, mtihani. Ulipangwa kufanyikia Same, watoto wapelekwe na lori la kijiji alfajiri na kurudi jioni. Na siku hiyo ikaangukia siku inayofuata gulio, na zamu ilikuwa ya Eliwaza. Alinijia jana yake, amesuka nywele vizuri kwa ajili ya safari.

"Mwalimu, mimi siendi."

Mama yake alikuwa nyuma yake analia bila sauti, maana yeye alikuwa mmoja wa walioulizwa. Wote wa darasa la saba walikuwa wanaondoka, na wadogo zao walikuwa hawajakabidhiwa njia ile, ina korongo. Nikamwambia abadilishane siku. Akasema tumbo halibadilishani siku. Nikaona nafasi ya sekondari ya msichana wa kwanza wa shule yetu inayeyuka kwa sababu ya bakuli la makande.

"Nitapeleka mimi," nikasema.

Mwalimu Yonazi aliyekuwa amesimama karibu akainua kichwa. "Wewe hujawahi kusema hakuna?"

"Walipouliza mimi nilikuwa chuoni. Sijawahi kuulizwa."

Eliwaza alinitazama usoni kwa muda, akanipa maelekezo. Bakuli liwekwe kizingitini, upande wa kulia. Nisiingie. Nitoe shikamoo, niseme zamu ni ya nani na kwa nini hakuja. Akaondoka na lori kabla jua halijatoka, wenzake wakiimba.

Nilipanda asubuhi hiyo. Ukungu ulinikuta kwenye korongo na ukanisindikiza. Nilipita nyumba moja baada ya nyingine, zote bila milango, na ndani ya kila nyumba giza lilikuwa limekaa sebuleni kama mwenyeji. Mibuni ilikuwa imekuwa pori. Nilikuwa naimba wimbo wa Jeshi la Kujenga Taifa, nikaona sauti yangu inaniogopesha, nikanyamaza. Hata ndege hawakuwepo. Nikafika nyumba ya mwisho, nikaliona kaburi chini ya migomba, limepaliliwa, na nyuma yake nyumba.

Ndani kulikuwa na mtu anapuliza moto.

Mnaijua sauti ile, ya mtu mzima anayepuliza kuni mbichi, anapuliza, anakohoa kidogo, anapuliza tena. Moshi haukuonekana popote. Niliweka bakuli kizingitini, kulia, likiwa limefunikwa kwa jani la mgomba nililolifunga mwenyewe. Nikasema, "Shikamoo, bibi."

Kupuliza kukakoma.

Nikangoja marahaba. Badala yake sauti ya kike, ya kizee, yenye furaha, ikaita, "Eliwaza?"

"Ni mwalimu wake, bibi," nikasema. "Eliwaza yuko Same, ana mtihani. Zamu yake nimeishika mimi."

Kimya. Kimya cha mtu anayetega sikio na hasikii kitu. Nyayo zikasogea mpaka karibu na kizingiti, upande wa ndani, nami nimesimama upande wa nje, kati yetu hapana hata ubao. Nikarudia maneno yangu kwa sauti zaidi. Nikayarudia nikipiga kelele. "Eliwaza?" sauti ikaita tena, mara hii haina furaha, ina wasiwasi, kama ya mtu ambaye mgeni wake amechelewa na mvua inakuja.

Hapo ndipo nilipouona ubao wangu mbele ya macho, herufi kubwa, mstari chini yake, na madirisha yamefunguliwa upande wa mlima, yameelekea mlango huu huu. Walioshuka waliulizwa na watu wa lori, wakajibu kwa shida. Mimi sikuulizwa na mtu, nilijiuliza mwenyewe na kujijibu kwa chaki. Nilishuka lile korongo nikianguka na kuinuka, na bakuli nililiacha.

Eliwaza alifaulu. Nalisema hapa ili msikae mkiwaza. Alikwenda sekondari, akaendelea mbele, na barua za mama yake nilikuwa naziandika mimi. Lakini siku iliyofuata mtihani, kabla ya yote hayo, alipanda mlima peke yake asubuhi na kurudi mchana, nikamwona anakuja uwanjani na lile bakuli kichwani. Lilikuwa bado limejaa. Jani lilikuwa limefungwa kama nilivyolifunga.

"Bibi anauliza mbona jana hakuja mtu," akasema.

"Hukumwambia nilikwenda?"

"Nilimwambia, Mwalimu. Nikamwambia ulikwenda Mwalimu, ukasimama mlangoni, ukamwamkia."

"Akasemaje?"

Akashusha macho, kama mtoto wa adabu asiyetaka kumwambia mtu mzima kwamba amekosa.

"Aliniuliza, mwalimu gani."